Fundi wa Magomeni Mtwara aliyeiponya laptopu ya shangazi bila kuifomati

Jamani naandika hii kwa ajili ya watu wa Mtwara wenye laptopu za mtumba kutoka Ulaya, maana shida iliyomkuta shangazi yangu naamini inawakuta wengi na wanaambiwa waifute mashine nzima bure kabisa.

Shangazi ana stesheneri ndogo pale Chuno, anachapa barua, anatoa kopi, na msimu wa korosho ukianza ndo usiseme, watu wanakuja na fomu zao na orodha za majina tangu asubuhi. Tulimnunulia laptopu yuzdi ya laki tatu na nusu, imetoka Ujerumani, ndani ina Debian, mfumo wa kompyuta wa kutumia badala ya Windows, yenye desktopu ya Xfce. Muuzaji alibandika stika za herufi juu ya kibodi kwa sababu za kwao Wajerumani Y na Z zimebadilishana nafasi, akamfungulia akaunti, akamwekea kibodi ya Kimarekani na paswedi ya 12345. Mashine yenyewe sina ugomvi nayo, ina RAM ya giga 4 tu lakini inaenda vizuri.

Kitu kimoja ndo kilikuwa kinakera toka siku ya kwanza. Ule ukurasa wa kuingilia, unapochagua jina na kuweka paswedi, ulikuwa wa Kijerumani. Kitufe cha kuingia kimeandikwa Anmelden. Mimi nikajitia kurekebisha, nikaongeza Kiswahili cha Tanzania kwenye orodha ya lugha, nikaandika LANG, yaani lugha ya kutumia, kwenye mipangilio ya akaunti ya shangazi, na kweli ukishaingia ndani siku na tarehe zinakuja Kiswahili, ila ukizima ukawasha mlangoni ni Kijerumani palepale. Nikarudia mara tatu. Mwisho shangazi akaniambia acha tu mwanangu, nimeshakariri kitufe kilipo.

Tukaishi hivyo wiki kadhaa. Sasa shangazi akaona vijana wanaomsaidia dukani wote wanaijua ile 12345, akaibadilisha mwenyewe, akaweka neno lake. Kesho yake asubuhi imekataa. Anaandika polepole, kidole kimoja kimoja, anaangalia kibodi, imekataa, na wateja wamesimama. Alinipigia simu sauti yake ya unyonge kabisa, anasema nimesahau kitu nilichokiweka jana.

Tukaipeleka kwenye duka moja la kompyuta mjini, silitaji. Kijana hakuwasha hata dakika mbili, akasema mfumo umekufa, inabidi kufuta yote na kupiga Windows, elfu hamsini, na mafaili hayatapona. Mafaili yenyewe ni mitihani ya walimu, barua za watu, orodha za miezi yote. Iliniuma sana, kwa sababu hakuuliza hata swali moja.

Jumatatu ndo tukaelekezwa kwa huyu fundi wa Magomeni, kibanda kidogo hakina hata bango. Akamwamkia shangazi shikamoo mama, akampa kiti, akamuuliza kitu ambacho mimi mwenyewe sikuwahi kukifikiria: mama, paswedi ilianza kukataa lini, na siku hiyo ulibadilisha nini? Akaelezwa. Akabonyeza Ctrl na Alt na F2 kwa pamoja, ikaja skrini nyeusi inayodai jina, pale unapoandika unaona herufi zako siyo vidoti. Akamwambia usiandike paswedi yako mama, andika neno yai.

Shangazi akaandika yai. Kwenye skrini ikatokea zai.

Akafuta akaandika tena, zai. Akasema kumbe! Yaani siku zote shangazi yuko sahihi, mashine ndo inaandika kingine nyuma ya vile vidoti. Fundi akamrudisha kwenye ukurasa wa kuingilia, akasema sasa weka paswedi yako, ila kila penye y bonyeza z. Ikafunguka palepale, mafaili yote yapo. Shangazi alimshika mkono yule kijana hakuuachia haraka.

Halafu akatuelezea, na hapa ndo pa kusoma vizuri. Ule ukurasa wa kuingilia ni programu inayojitegemea, kwenye mashine yetu inaitwa LightDM. Inawaka kabla mtu yeyote hajaingia, kwa hiyo haisomi mipangilio iliyomo kwenye akaunti yako, haikujui bado wewe ni nani. Inafuata lugha na kibodi ya mfumo mzima. Akaandika amri ya localectl, inayoonesha lugha na kibodi ya mfumo, tukaona kwa macho: LANG ni de_DE.UTF-8, kibodi ni de, yaani vyote vya Kijerumani. Mimi nilikuwa nabadilisha chumbani wakati shida iko getini.

Dawa akaifanya mbele yetu. Kwanza amri ya kupanga lugha, sudo dpkg-reconfigure locales. Kwenye ile orodha ndefu sw_TZ, yaani Kiswahili cha Tanzania, tayari ilikuwa na alama ya nyota, niliiweka mimi, ila ukurasa wa pili unaouliza lugha kuu ya mfumo mimi nilibonyeza enta tu bila kusoma ikabaki ya Kijerumani. Akachagua sw_TZ. Kisha amri ya kibodi, sudo dpkg-reconfigure keyboard-configuration, akaweka ya Marekani. Ni sehemu mbili tofauti, lugha kivyake kibodi kivyake, ukirekebisha moja nyingine inabaki vilevile, na hili kwa kweli LightDM ingetakiwa ioneshe wazi mtu akaona anaandika kwa kibodi gani.

Akaristati. Pale juu kwenye saa palipokuwa pameandikwa Mo, kifupi cha Jumatatu kwa Kijerumani, pakaja J3. J3 kabisa, kama tunavyoandika sisi kwenye meseji! Shangazi akasoma kwa sauti. Maneno ambayo hayajatafsiriwa yanatoka Kiingereza, fundi alishatuambia mapema, lakini paswedi ya shangazi sasa inaingia kama anavyoiandika.

Alitaka elfu kumi, nikampa kumi na tano. Nampa tano kwa tano kwa ile kuuliza kwanza. Upungufu wake hatoi risiti na saa kumi na moja anafunga, na nendeni na chaja zenu maana ya akiba hana.