Uzoefu wangu na darasa la jioni la Kiingereza Kilwa Masoko: tensi za jana na za kesho

Naongoza wageni Kilwa Kisiwani. Kwa kazi hii, nyakati za vitenzi ninazozihitaji kila siku ni mbili: uliopita, ninaposimulia habari za masultani na misikiti, na ujao, ninapowaeleza wageni boti itaondoka lini na maji yatakupwa saa ngapi. Ukikosea la kwanza umeharibu historia. Ukikosea la pili mgeni anabaki bandarini. Kwa hiyo nilipotafuta pa kunoa Kiingereza, sikutaka kozi ya kila kitu. Nilitaka mtu wa kunibana kwenye tensi.

Nimempata hapahapa Kilwa Masoko. Ni mwalimu mstaafu wa sekondari, mama mmoja mtaratibu lakini asiyeachia kosa lipite, na sote tunamwita Madamu, hata wazee waliomzidi umri. Ada ni shilingi 30,000 kwa mwezi. Tunakaa barazani kwake baada ya Magharibi mpaka karibu na Isha. Darasani kuna waongoza wageni wenzangu, nahodha wa boti, dada wa mapokezi katika nyumba ya wageni, na kijana anayeuza pweza.

Kilichonifanya niandike haya ni namna anavyofundisha. Hatujazi nafasi zilizoachwa wazi kwenye sentensi za watu tusiowajua. Kila mmoja analeta maneno ya kazi yake, anayaandika kwanza kwa Kiswahili, kisha anayageuza. Mimi nilileta haya: msafiri Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, Wareno waliiteka mwaka 1505, wakajenga ngome, wakaondoka mwaka 1512.

Sentensi hiyo ya Wareno ilituchukua jioni nzima. Wengi wetu tuligeuza kitenzi cha kwanza vizuri, "captured", halafu tukaendelea na "build" na "leave" vikiwa vitupu. Madamu akachora mstari chini ya "wakajenga" na "wakaondoka". Akatuuliza, iko wapi -li- hapo? Haipo. Sisi tukishasema -li- mara moja, -ka- inachukua kijiti na hadithi inasonga mbele. Kiingereza hakina -ka-. Kila kitenzi kinataka alama yake ya jana: "captured", "built", "left". Nimesoma Kiingereza tangu shule ya msingi na sijawahi kuonyeshwa jambo hili kwa uwazi namna ile. Tangu siku hiyo, kila ninaposikia -ka- kichwani najua kitenzi kinachofuata lazima kibadilike.

Kukanusha nako amekufundisha kwa njia hiyohiyo. Wageni huuliza kama Wareno ndio waliojenga Msikiti Mkuu. La hasha, msikiti ule ulianza kujengwa karne ya 11, mamia ya miaka kabla merikebu zao hazijaonekana pwani hii. Jibu hilo nataka linitoke safi, maana ni haki ya waliotutangulia. Kosa la kawaida ni kusema "did not built". Madamu alituandikia ubaoni "walijenga" na chini yake "hawakujenga", akasema tazameni, hata kwetu -li- inaondoka, maana -ku- imeshaubeba wakati. "Did" nayo imeshaubeba, basi kitenzi kiacheni kama kilivyo: "did not build". Nahodha wetu, ambaye hakumaliza shule, alilishika hilo palepale.

Matamshi ya -ed hayapi muda mrefu lakini anayasikiliza: "asked" inaishia na sauti ya t, "ruled" ya d, "visited" ndiyo pekee kati ya hizo inayoongeza silabi. Sisi tumezoea kila neno liishie na irabu, kwa hiyo ulimi unataka kuongeza "i" mwisho, naye anakurudisha mpaka ikae sawa.

Upande wa kesho, -ta- yetu inafanya kazi ambayo Kiingereza kimeigawa kwa njia kadhaa. Ukimwona mgeni anahangaika na begi ukaamua palepale kumsaidia, ni "I'll carry it". Ukiona wingu zito juu ya kisiwa cha Songo Mnara, ni "it's going to rain". Ratiba ya boti ni "the boat leaves at eight", na hapo Madamu anasisitiza saa zigeuzwe kabla ya kufungua mdomo, kwa sababu saa mbili yetu ya asubuhi ndiyo nane yao.

Lililonisaidia zaidi ni hili: sisi husema "tutakapofika jumba la Husuni Kubwa, tutaona bwawa la pembe nane", basi tunaipeleka -taka- moja kwa moja tunasema "when we will arrive". Dawa yake ni kulianza wazo na "tukifika". Hapo -ta- haimo, na "will" nayo haiji: "when we arrive, we will see". Nimewapa wenzangu wa bandarini dawa hiyo na inawafaa.

Kasoro zipo, na nimeshamweleza mwenyewe. Karatasi yake ya vitenzi visivyofuata kanuni imepangwa kwa alfabeti, na hivyo haikai kichwani. Angeviweka pamoja vinavyofanana, "build, send, spend" mahali pamoja na "sing, ring, drink" mahali pengine, tungevikariri haraka. Mazoezi ya kutuma sauti kwa WhatsApp ni mazuri sana lakini yanakula bando, na masahihisho huchelewa hadi umesahau ulisema nini. Tena ule wakati wa "alikuwa ameshafika" ameupitia mbiombio mno. Mwongoza wageni anauhitaji: Wareno walipofika, Ibn Battuta "had already visited" zaidi ya karne moja na nusu nyuma. Mgeni asipousikia mpangilio huo anachanganya nani alimtangulia nani.

Kwa anayejiandaa na mtihani wa kidato cha nne, sidhani kama hapa ni mahali pake. Hatugusi ufahamu wala insha. Kwa mtu wa boti, wa gesti, wa sokoni, au yeyote anayesimulia na kupanga safari kwa Kiingereza, ada hiyo naiona ni ya haki kabisa na mimi naendelea kulipa. Ningeshauri uanze wakati wa masika, wageni wakiwa wachache na barazani kuna nafasi. Njoo na daftari, na uje umeshaandika kwa Kiswahili maneno unayoyasema kazini kila siku, maana ndiyo atakayokuuliza kwanza.