Jina la mama kichwa chini: uzoefu wangu na kidani cha Ogham

Nianze na hukumu kabisa, mwenye haraka aondoke nayo: msinunue. Nyota sifuri. Na kama sifuri haikubaliki, basi nyota moja naupa mlango wa duka, maana ulifunguka vizuri wakati natoka.

Duka lenyewe silitaji. Liko mji mmoja wa magharibi mwa Ireland, ile miji ya watalii ambayo kila mlango ni sweta za sufu na unaofuata ni pete. Ndani kuna ubani, mawe ya rangi, kadi za kupigia ramli, misalaba ya Brigid ya fedha, na ukuta wa nyuma umejaa vidani vya Ogham ambavyo unachongewa jina unalotaka. Mimi nilifuata hivyo vidani tu.

Kwa wasiojua, Ogham ni maandishi ya kale ya huku. Hayana herufi za kuzunguka kama zetu. Ni mstari mmoja na mikato: mingine inatoka kulia kwa mstari, mingine kushoto, mingine inaukatisha kwa mshazari, mingine inaukatisha wima. Idadi ya mikato na upande ilipo ndiyo herufi. Mawe kama 400 bado yapo, mengi yalichongwa kati ya karne ya 4 na ya 7, na sehemu kubwa iko huku kusini, Kerry na Cork. Mimi naishi Cork. Chuo kikuu cha hapa kina ujia mmoja mrefu ambao mawe hayo yamesimamishwa kando, unaingia bure, na nikitoka zamu napenda kupita hapo. Mikato imepigwa kwenye ukingo wa jiwe, na kwa kawaida unasoma kutoka chini kwenda juu. Kilichoandikwa? Majina. Fulani mwana wa fulani, wa ukoo wa fulani. Hakuna uganga, hakuna siri.

Hapo ndipo nilipopata wazo la mama. Mama yangu ni Sauda, mtu wa Tanga, na kwake yeye ukitaja jina lako bila baba na ukoo bado hujajitambulisha. Nikasema huyu na haya mawe wataelewana. Tena jina lake linaingia lote. Ogham ya asili ina herufi 20 na haina J, haina W, haina Y. Ningekuwa na mama Mwajuma ningekwama.

Basi, mwaka jana wakati wa baridi, mama akiwa njiani kuja kunitembelea, nikaenda kuagiza. Dada wa kaunta alikuwa mchangamfu sana siku ile ya kutoa hela, hilo nakubali. Alinihadithia habari za pete za Claddagh, zile za mikono miwili imeshika moyo wenye taji: kwamba Richard Joyce wa Galway alitekwa baharini, akauzwa Algiers kwa sonara, akajifunza ufundi, na mwaka 1689 akaachiwa huru pamoja na watumwa wengine kwa matakwa ya Mfalme William III, akarudi kwao na ufundi wake. Anahadithia vizuri, mikono inakwenda. Ila alipofika kwenye kuuzwa alicheka kidogo, na sisi watu wa pwani habari ya mtu kuuzwa hatuichekei. Nikanyamaza. Nilikuja kwa shughuli.

Halafu akaanza kuniuzia nguvu. Kidani kitamlinda mama, kitamfungulia njia, alama hizi wadruidi, yaani makuhani wa kale wa huku, walizitumia kwa siri. Nikamwambia, dada, kwetu hiyo inaitwa hirizi, na mama yangu ni mtu wa swala tano. Mimi nataka jina lake tu. Akatabasamu, akanifungia kwenye kasha na cheti juu.

Hicho cheti nimekitunza kama ushahidi. Kinasema Ogham ina miaka 5,000 na ilitoka Newgrange, lile kaburi la kale la mawe hapa Ireland, pamoja na alama ya mizunguko mitatu iliyochongwa humo, "alama takatifu ya Wakelti", yaani watu wa kale wa lugha ya huku. Jamani. Newgrange ilijengwa karibu mwaka 3200 kabla ya Kristo, ni ya zamani kuliko piramidi za Giza, na wanaakiolojia wengi wanakubaliana kwamba waliochonga ile mizunguko waliishi zama nyingi kabla ya lugha ya Kikelti kufika kisiwani. Kaburi lile linatosha kushangaza lenyewe: siku zile fupi za Desemba jua la asubuhi linapenya kwenye kijitundu juu ya mlango, linatambaa mpaka chumba cha ndani na kukaa humo kama dakika 17. Una ajabu ya namna hiyo nchini kwako, ya nini kuipakia uongo? Na kutoka hapo mpaka mikato ya Ogham ni zaidi ya miaka 3,000. Cheti kinaruka yote kama mtu anaruka dimbwi.

Lakini cheti ningekisamehe. Kilichonitoa moyoni ni kidani.

Nilikifungua nyumbani, nikakining'iniza kwenye mkufu, nikaanza kusoma kutoka chini kama kawaida. Mkato mmoja unaokatisha: A. Sawa, labda nimeanzia pabaya. Mikato miwili kulia: L. L? Mitatu inayokatisha, U. Mmoja, A. Juu kabisa minne kushoto, C. Aluac. Mama yangu ameitwa Aluac.

Nikakigeuza. Minne kulia, S, mmoja, A, mitatu, U, miwili kushoto, D, mmoja, A. Sauda, safi kabisa, bila kosa hata la mkato mmoja. Yaani jina limechongwa sawasawa, kitanzi cha kupitishia mkufu ndicho kimewekwa upande wa miguuni! Ukikivaa, jina linaning'inia kichwa chini, na ndani ya Ogham kulia kukiwa kushoto herufi inakuwa nyingine kabisa. Na kile cheti chao chenyewe kinasema herufi ya kwanza ya jina ni S.

Nikarudi dukani, basi kwenda na basi kurudi, mvua ya huku mnaijua. Dada ni yuleyule, uchangamfu haupo. Nikamwonyesha. Hakukishika hata. Akasema vitu vya kuagiza kwa jina havirudishwi. Nikamwambia sijabadili mawazo, kitu kina kasoro, na sheria ya haki za mlaji ya hapa ya 2022 inataka bidhaa iwe vile ilivyoelezwa, iwe na jina au haina. Ndipo akanitazama juu mpaka chini, akasema, kwa sauti ya kawaida tu, kama anataja bei: "Kwani huko kwenu Afrika nani ataisoma?"

Pale nilichoka. Kulikuwa na wateja wengine, mmoja akajifanya anakagua mishumaa. Mimi sikupiga kelele. Nililelewa na Sauda. Nikamuuliza, na wewe unaisoma? Kimya. Nikamwambia basi soma hapa, niambie umeandika nini. Akageuka akaanza kupanga vifurushi vya ubani. Huyu mtu anauza maandishi ya babu zake kila siku na hajui yanaanzia wapi, halafu mswahili aliyejifunza akitoka zamu ndiye hajui kusoma!

Sasa hapa hukumu yangu inaanza kuyumba, na inaniudhi kuyumba.

Nyuma kuna pazia, na nyuma ya pazia kuna sonara mzee. Nadhani alisikia. Akatoka na aproni yake, akaniomba kidani, akavaa miwani ya kukuzia, akaanza kupitisha ukucha wa kidole gumba juu ya mikato, mmoja mmoja, midomo inacheza. Alipofika mwisho akamtazama yule dada, sikuelewa alichosema, kilikuwa Kiairishi, lakini shavu la dada liliiva. Kumbe yeye huchonga tu; vitanzi hutiwa kaunta. Akaniita ndani. Akakata kitanzi, akasugua ile sehemu mpaka usingejua palikuwa na kitu, akakilehemu upande wa kichwani kwa moto mdogo wa bluu, akakitumbukiza kwenye maji kikalia chaa. Akakifuta, akakiinua kwenye mwanga, akasoma kwa sauti: "Sauda." Akauliza ni nani. Nikamwambia. Akauliza na baba yake anaitwa nani. Haki ya Mungu, machozi yalinilenga. Mama angempenda.

Hakunitoza kitu. Fedha ni nzuri, mikato ina kina, mtu akipitisha kidole gizani anaisoma.

Kwa hiyo nyota ngapi? Kwa mzee tano. Kwa kidani, kikiwa juu chini na chini juu kama kinavyotakiwa, nne. Nilitaka kuandika tatu kwa duka zima. Halafu nakumbuka ile "huko kwenu" na mkono unarudi kwenye moja. Mzee hajaajiriwa kufuta midomo ya wenzake. Na kuomba radhi hakuna aliyeniomba. Nilipopita kaunta kutoka, dada alikuwa anamwambia Mmarekani mmoja kwamba kidani chake kitamfungulia njia.

Mama alikipokea, akakigeuza, akauliza, "Mwanangu, hili si dude la waganga?" Nikamweleza ni jina lake. Akataka nimwonyeshe S iko wapi. Sasa anakivaa, na anawasomea majirani Tanga kwa kidole, kuanzia chini.

Nyota moja. Ila ukienda, usiishie kaunta: ulizia mzee wa nyuma ya pazia, mpe kazi mkononi mwake, na kitanzi mwambie atie yeye.