Presha kuka ya umeme kwenye baridi ya Mbeya: maharage yanaiva, mengine tuongee

Nianze na jibu, maana najua wengine mnasoma hii mkiwa mmesimama dukani na muuzaji anawakodolea macho. Kwa maharage, makande na nyama ya ng'ombe wa kienyeji, nunua. Kwa wali, bado nina kesi nayo. Kwa ugali haihusiki kabisa, na kwa nyumba za huku kwetu hilo si jambo dogo. Yangu ina vitufe kumi na viwili: kimoja cha keki, kimoja cha mtindi, kimoja cha uji wa mtoto, kingine kina picha ya kuku mzima aliyelala chali. Cha ugali hakuna. Aliyeitengeneza hajawahi kula Mbeya.

Ni ya lita sita, wati 1,000, nimeinunua duka la vyombo maeneo ya Mwanjelwa na nimeitumia tangu kipupwe kilichopita. Jina la kampuni siliandiki, kwa sababu pale dukani kulikuwa na maboksi yenye majina matatu tofauti na ukifungua ndani unakuta mtambo ule ule. Muuzaji alikuwa na maneno matamu. Tangu Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia uzinduliwe mwaka 2024, ule wa kutaka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034, wauza vyombo wamepata hotuba ya kusomea wateja, na huyu alikuwa ameikariri vizuri. Akamalizia hivi: "Dada yangu, maharage dakika thelathini tu. Unaenda kuoga, ukirudi unapakua."

Sasa tuzungumzie hizo dakika thelathini.

Kwanza, saa ya mtambo haianzi kuhesabu ukibonyeza. Inasubiri maji yachemke, mvuke ujae, kile kipini chekundu kwenye mfuniko kipande juu, ndipo inaanza. Mwezi wa saba, maji ya bomba yakiwa ya kukata vidole, hapo pekee panakula dakika ishirini na ushee. Zikiisha zile za kupikia, inabidi uiache ishushe presha yenyewe, robo saa nyingine. Ukifungulia mvuke kwa pupa, povu la maharage linatokea pale juu na kuchora ukuta. Mdogo wangu alijaza maharage hadi juu kabisa (mwisho wake ni nusu ya sufuria, kwa kuwa yanavimba na yanatoa povu), akafungulia mvuke papo hapo. Kalenda ya mwaka huu iliyoning'inia juu ya meza ina madoa ya kahawia kuanzia Machi mpaka Septemba.

Pili, hata hizo dakika zikitimia, maharage ya njano yalitoka yakigonga meno. Nikaongeza muda, yakawa nafuu. Nikarudi kwenye kijitabu cha maelekezo, nikaona kimeandikwa kama vile dunia nzima inakaa usawa wa bahari. Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu. Hewa ya huku ni nyepesi, na maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, si 100 kama Dar es Salaam. Ndiyo maana sufuria la kawaida la maharage huku linatokota asubuhi nzima, unaongeza maji, unaongeza mkaa, na bado kuna punje zinazokukatalia. Presha kuka inatibu ugonjwa huo kwa kufungia mvuke ndani, maji yanapanda joto kupita mia. Lakini presha inayoongeza inajumlishwa na ile ya hewa ya nje, na ya kwetu ni ndogo, kwa hiyo jumla haifiki ile ya mtu wa pwani. Hesabu ninayoitumia ni hii: ukishapita mita 600, ongeza asilimia tano ya muda kwa kila mita 300. Kwa Mbeya inakuja karibu moja ya tano. Kijitabu kikisema arobaini, mimi naweka hamsini na sibishani na mtu. Walioko Njombe na Makete waongeze zaidi.

Wifi yangu anakaa Kyela, kule chini karibu na ziwa, ana chombo kama changu kabisa. Tulikuwa tunabishana kwa simu kila mmoja akimwona mwenzake mwongo. Yeye anasema maharage yake yanaiva kwa muda wa kitabuni, mimi nasema haiwezekani. Kumbe wote tulikuwa sawa. Kyela iko kama mita 500 tu.

Maharage yenyewe nayo yana tabia zake. Ya msimu huu huu, mapya, yanaiva bila makuu. Yaliyolala ghalani mwaka mzima ni ubishi mtupu hata kwenye presha, hivyo ukinunua sokoni uliza, na ukijibiwa "mapya haya mama" tafuna punje moja uone. Jambo moja ninaloshukuru ni kwamba magadi nimeyaacha. Sijayahitaji tena, na ladha imerudi, hasa ya maharage aina ya kablanketi.

Umeme je? Hili ndilo kila mtu ananiuliza. Nilisoma LUKU, mita yetu ya umeme, kabla na baada ya kupika, nyumba nzima ikiwa imezimwa isipokuwa taa moja. Maharage ya kutosha watu sita yanakula nusu uniti, mara nyingine chini kidogo. Kwa bei ya uniti ya matumizi ya kawaida, shilingi 350 na kitu ukijumlisha kodi, ni chini ya mia mbili. Kwa mkaa, chungu hicho hicho kwangu hakishuki chini ya elfu moja. Ila kama uko kwenye ile bei ya chini, ya wanaotumia uniti zisizozidi 75 kwa mwezi, chunga: ukianza kupikia kila kitu humo, utajikuta umehamishwa kundi, na hesabu yote inabadilika.

Halafu kuna suala la kukatika. Umeme ukienda katikati ya mapishi, mtambo wangu unasahau kila kitu; ukirudi, kioo kinawaka sifuri kama umeutoa boksi leo. Wenzangu wana aina ambazo zinakumbuka zilipofikia, kwa hiyo uliza hilo kabla hujalipa. Sio maafa lakini. Joto na presha vinabaki humo kwa muda mrefu na chakula kinaendelea kuiva gizani. Tatizo ni watu. Shemeji yangu, njaa ikiwa imemfika kooni, aliona giza limekaa sana akaamua kuufungua kwa nguvu. Akazungusha, mfuniko ukagoma. Akauegemea kwa kiwiko, ukagoma. Akaenda kuleta mwiko wa ugali autumie kama mtaimbo. Mwiko ukavunjika. Mfuniko haukuachia mpaka kile kipini chekundu kiliposhuka chenyewe, na hapo mtoto wa miaka minane akaufungua kwa vidole viwili. Kwa usalama naupa alama zote, na mwiko mpya shemeji alinunua.

Mama mkwe alipokuja kutoka Tukuyu ndipo nikasikia ukosoaji ambao sikuwa nimeufikiria. Nilitegemea atasema mtambo utapasuka. Hakusema. Alivuta kigoda akakaa mbali kidogo, akautazama muda mrefu, kisha akauliza: "Mwanangu, sasa chumvi unaonjaje?"

Sikuwa na jibu, na hadi leo sina zuri. Mapishi yetu ni ya kufunua: unafunua, unakoroga, unaonja kiganjani, unaongeza, unafunika. Hili dude ukilifunga umeaga. Ninachofanya ni kupika maharage matupu na maji, kisha viungo, nazi na chumvi vinaingia baadaye kwenye sufuria la kawaida juu ya gesi. Maana yake ni vyombo viwili vya kuosha, jambo ambalo hotuba ya muuzaji haikuligusa. Mama akaongeza la pili: nyumba hainuki chakula. Ni kweli. Zamani ukifika getini unajua leo ni nini. Sasa watoto wanazunguka jikoni wakiuliza "leo tunakula nini?" huku chakula kikiwa pale pale mbele yao kimefungwa kimya.

Harufu inayotoka kidogo inakwenda kujificha kwenye raba ya mfuniko, na hapa ndipo ninapoipunguzia nyota. Raba inashika harufu vibaya mno. Nilipika makande yenye kitunguu saumu cha kutosha, nikaosha kila kitu kwa sabuni na maji ya moto. Kesho yake nikachemsha maziwa ya chai humo. Wageni walikunywa kwa adabu. Mmoja akauliza kama ni chai ya dawa. Kuloweka kwenye maji ya limao kunasaidia, kuianika juani kunasaidia zaidi, lakini jua la Mbeya kati ya Juni na Julai mnalijua wenyewe.

Dawa halisi ni kuwa na raba mbili, ya vyakula vizito na ya vitu laini. Kuipata sasa ndiyo kazi. Pale niliponunulia mtambo hawana. Maduka ya jirani yake hawana, ila kila mmoja anakuelekeza kwa mwenzake kwa kujiamini sana. Fundi mmoja alinishawishi nikate tairi la ndani la pikipiki, nikamshukuru nikaondoka. Mwishowe nikaagiza Kariakoo, picha nikatuma, vipimo nikatuma, neno "lita sita" nikaliandika mara mbili. Ikaja na basi, imefungwa vizuri kwenye mfuko mweusi, nikaifuata stendi kukiwa na manyunyu. Raba safi, nene, ya lita tano. Muuzaji alipoambiwa akajibu, "Ivute kidogo dada, itaingia." Nimeivuta. Haiingii.

Wali nitausema kwa ufupi kwa sababu unaniudhi. Mchele wa Kyela ni mchele wa heshima, unanukia kabla haujafika jikoni. Kuutia humo kwa kipimo cha kile kikombe cha plastiki walichoweka kwenye boksi ni kuudhalilisha, ulitoka bokoboko. Nikipunguza maji unakuwa wa kulika, ila ukoko hakuna, na kwangu kuna watu wawili wadogo ambao kwao wali bila ukoko ni adhabu. Wali umerudi kwenye gesi. Ndizi za Tukuyu na nyama, kwa upande mwingine, zinakaa humo vizuri ajabu: nyama kwanza mpaka ilainike, ndizi ziingie mwishoni kwa dakika chache tu, zisisubirishwe, zinageuka uji. Keki nilijaribu. Tuendelee.

Kitufe ambacho nilikicheka dukani na sasa nakitetea ni cha mtindi. Kwa baridi hii, maziwa ukiyaacha juu ya kabati ili yagande yanakaa siku na siku yakikutazama, mwisho yanaharibika bila kuganda. Mtambo unayashikilia kwenye joto la uvuguvugu usiku kucha, na asubuhi unakuta mtindi mzito, uliosimama. Sharti tu raba iwe imeondolewa au imeanikwa kweli kweli. Mimi nafunika kwa sahani.

Mambo madogo ya kukagua kabla hujatoa hela. Waya ni mfupi. Yangu haifiki meza ya jikoni, na zile eksitensheni nyembamba za bei chee msizitumie, jirani yangu yake iligeuka rangi pale plagi inapoingia akaishtukia kwa harufu. Usiuweke chini ya kabati la ukutani. Mvuke unapiga pale pale, na paketi zangu za binzari na iliki zilishikana zikawa jiwe kabla sijauhamishia karibu na dirisha. Sufuria la ndani chukua la chuma kisichopata kutu kama lipo, maana hili langu jeusi lisilogandisha limeshaanza kuchubuka kwa vijiko. Na umwambie muuzaji auchomeke, atie maji vikombe viwili, usimame pale mpaka kipini kipande. Atakwambia foleni ni ndefu. Simama.

Mwenye kujua duka la hapa Mbeya lenye raba ya lita sita, ya kipenyo cha sentimeta 22, naomba anielekeze. Na mwenye presha kuka ya lita tano, raba yake ninayo, mpya, haijawahi kuonja kitunguu. Aje aichukue bure.