Websaiti Inayokuonyesha Meli Iliyobeba Gari Yako Imefika Wapi (Na Nyingine za Bure Nilizozipenda)

Mambo vipi watu wangu, karibuni tena. Leo sina simu mpya mkononi, sina spika, sina saa, leo ni websaiti, na naanza moja kwa moja kwenye skrini kwa sababu kuna kitu kinatembea nataka mkione kabla hakijafika. Mnauona huu mshale wa bluu? Huu hapa, juu ya kidole changu. Hii ni boti ya kutoka Dar kwenda Zanzibar, kisiwa cha Chumbe imeshakipita, na mimi nipo zangu chumbani Mbagala naiangalia inavyokata maji, na ndani yake yumo dada yangu. Tuiache hapo pembeni, tutakuwa tunairudia.

Websaiti yenyewe inaitwa MarineTraffic. Najua wengine mtasema ah, hiyo ya siku nyingi, kweli ni ya siku nyingi, ilianza 2007 kwenye chuo kikuu kimoja kule Ugiriki, lakini nimeuliza watu kumi mtaani kwetu, tena watu wanaoagiza magari Japani kila mwaka, hakuna hata mmoja aliyekuwa anaijua. Ndiyo maana nimesema hii lazima niitengenezee video yake.

Ngoja niwaonyeshe. Nasogeza ramani hapa bandarini kwetu. Kila hiki kidude ni meli. Kijani ni ya mizigo, nyekundu ni tanka, ya mafuta au gesi, bluu ni ya abiria. Ikiwa mshale maana yake inatembea, ikiwa duara imesimama. Sasa angalieni hapa nje ya mlango wa bandari, hizi duara zote, moja, mbili, tatu, nne, hii ya tano nyekundu... hizi zimetia nanga zinasubiri zamu ya kuingia gatini. Ukipita na pantoni ya Kigamboni ukaangalia baharini unaona meli zimejipanga kule mbali, unajiuliza zile ni za nini, zinatoka wapi. Unagusa tu. Hii nimegusa, inaniletea jina, bendera, urefu, mwaka iliyotengenezwa, hata picha yake ipo, watu wanapenda meli mpaka wanakaa bandarini wanazipiga picha wanaziweka humu.

Na inafanyaje kazi, maana kuna mtu atauliza kwenye komenti kama ni setilaiti au nini. Meli kubwa zina kifaa kinaitwa AIS. Kile kifaa kazi yake ni kupiga kelele kwa redio, mimi ni fulani, niko hapa, naelekea huku, spidi yangu hii. Meli ikiwa inatembea inarusha hiyo taarifa kila baada ya sekunde chache, ikitia nanga inapunguza, inakuwa kila dakika tatu. Iliwekwa ili meli zisigongane usiku na kwenye ukungu. Sasa huku nchi kavu mtu akiweka antena karibu na bahari anazisikia zote, na antena nyingi zinazoilisha hii ramani ni za watu wa kawaida tu waliojitolea, mtu ana nyumba yake ufukweni kaweka antena juu ya bati. Mimi hicho kitu kinanifurahisha sana, kwamba mtu ambaye hatujuani katoa umeme wake na intaneti yake ndiyo mimi leo namwona dada yangu.

Ila msitegemee kuona kila chombo. Sheria inazibana meli za safari za kimataifa kuanzia tani 300 na kuendelea, pamoja na meli za abiria. Majahazi huyaoni. Ngalawa, mashua za wavuvi, huzioni. Kwa hiyo ukiona bahari iko tupu kwenye ramani usiseme hakuna mtu, wamejaa, hawana kifaa tu. Na asije mtu akaingia baharini na hii kwenye simu akasema ndiyo inamwongoza, hapana jamani.

Haya, sasa nije kwenye kilichonifanya niipende, maana mimi sikuijulia kwenye boti, niliijulia kwenye gari.

Mama mdogo wangu aliagiza Noah Japani. Hela ya miaka mitatu, ya mchezo, ya kuku, ya kila kitu, anataka abebe wanafunzi. Kalipa, gari ikapakiwa, katumiwa karatasi ya BL, ile hati ya mzigo uliopakiwa melini, basi, kimya. Kila akimpigia ajenti anajibiwa meli iko njiani mama. Wiki inaisha, meli iko njiani mama. Nikamwambia mama mdogo, hebu niletee hiyo karatasi. Sasa wewe unayesikiliza hapo mwenye gari njiani, chukua BL yako, angalia palipoandikwa jina la meli, kuna jina halafu pembeni kuna namba ya safari. Hilo jina ndilo unaliandika hapa juu kwenye kutafutia. Angalia naandika... ona, majina yamekuja manne yanafanana. Hapa ndipo watu wanapopotea, wanafuata meli siyo. Majina yanafanana na pia yanabadilika, meli ikiuzwa inapewa jina jingine, kwa hiyo tafuta namba ya IMO, hiyo ina tarakimu 7 na haibadiliki tangu meli inatengenezwa mpaka inakatwa chuma chakavu. Ajenti anayo, muulize, hawezi kukunyima. Na kwenye matokeo chagua ile iliyoandikwa ni ya kubeba magari, hizo hata kwa picha unazijua, ni kama ghorofa limelala, halina madirisha.

Basi tukaipata. Iko Bahari ya Hindi, inakuja. Mama mdogo akawa ananiamsha asubuhi, mwanangu hebu angalia imefika wapi. Nikamfundisha afungue mwenyewe. Nikamwonyesha na hii, angalieni hapa palipoandikwa inakokwenda, imeandikwa KEMBA. Hizo ni herufi za Mombasa. Ikiandikwa TZDAR ni Dar es Salaam, TZZNZ ni Zanzibar. Mara nyingi hizi meli zinapitia Mombasa kwanza zinashusha, ndiyo zinakuja kwetu. Lakini kumbukeni hii sehemu inaandikwa kwa mkono na watu wa kule melini, na saa nyingine wanasahau kubadilisha, unakuta meli imeshatoka Mombasa siku ya pili lakini bado inasoma KEMBA. Usiamini maandishi, amini mshale. Na spidi yake imeandikwa kwa maili za baharini kwa saa, moja ni kama kilomita 1.85, kwa hiyo ukiona 15 jua ni kilomita 28 hivi, bajaji inaiacha.

Sasa Jumatatu mama mdogo anampigia ajenti, anajibiwa meli bado ipo Mombasa mama, vuta subira. Na sisi tunaangalia kwenye skrini, duara ya kijani, iko ndani, bandari ya Dar, gatini, imefika tangu Jumamosi usiku! Mama mdogo akamwambia taratibu kabisa, baba, meli naiona, imefunga kamba hapo Dar tangu juzi, na muda iliyoingia ninao. Kimya. Halafu sauti ikabadilika, aah mama ngoja nicheki. Baada ya saa moja anapiga mwenyewe, kweli mama imefika, tuanze taratibu. Na wenye magari mnajua siku zinavyohesabiwa, gari ikizidisha siku za kulala bandarini unaanza kulipia, na anayelipa siyo ajenti, ni wewe. Sisemi kila ajenti yuko hivyo, wapo wazuri sana, na meli kufika siyo lazima gari imeshashuka au makaratasi yamekamilika. Lakini siku mbili ni siku mbili, na yule mama hela yake ina jasho.

Dakika moja, turudi kwa dada. Mnaona, inakaribia, Chumbe imebaki nyuma kabisa. Spidi bado iko juu, wakifika karibu na Malindi, pale bandarini Zanzibar, utaona inaanza kushuka.

Kinachonikera sasa. Kinanikera sana na siwezi kukificha. Meli ikiwa karibu na pwani unaiona bure, antena zinaisikia. Ikishaingia katikati ya bahari, antena hazifiki, hapo inabidi isikike kwa setilaiti, na za setilaiti wanataka ulipie. Kwa hiyo mtu wa magari kama sisi unaiona meli inatoka Japani vizuri, unaiona inapita Singapore pale imebanana na wenzake, halafu inaelekea kwetu, paap, imepotea. Siku na siku unaambiwa mara ya mwisho ilionekana pale. Mama mdogo siku ya kwanza ilivyopotea hakula, alijua imezama. Nikamwambia haijazama, ni hela yao tu wanaitaka. Na bei yao ni ya makampuni, siyo ya mtu mwenye Noah moja. Pia matangazo yamekuwa mengi, na ramani yenyewe inakula bando, kwenye simu ndogo inaganda. Siku ile niliwaza kabisa niseme kwenye video msihangaike nayo. Lakini hapana, meli ikitokea tena upande wa Mombasa, ile raha... bado ni ya kwangu ya kwanza. Kuna mwenzake VesselFinder, kazi ileile, na kwenye simu yangu inafunguka haraka zaidi, wenye simu zenye memori ndogo anzeni na hiyo.

Ya ndege wengi mnaijua, Flightradar24, ilianzishwa na Waswidi wawili, na yenyewe inatumia antena za watu kama hivihivi. Ndege ikipita juu ya nyumba watoto wanaitafuta, wanakwambia hii inatoka Doha. Raha ipo lakini hainipi kitu mkononi, sijawahi kuagiza mzigo ukaja na ndege.

Nyingine haraka haraka maana muda unaenda. Photopea, hii ndiyo natengenezea picha zote za juu ya video zangu, inafungua mafaili ya Photoshop ndani ya brauza, huweki programu, hulipi, kaitengeneza mtu mmoja anaitwa Ivan Kutskir, mtu mmoja jamani, mngeona vifungo vilivyomo. Wenzangu wa stationery mnaochapa kadi za harusi, hiyo ni ya kwenu. Radio Garden, unapewa dunia kama mpira, kila kidoti cha kijani ni mji wenye stesheni za redio zilizo hewani sasa hivi, unaizungusha unagusa. Nina rafiki yuko Muscat anafungulia redio za Zanzibar jikoni. Wayback Machine, hii ni ya siku ukitafuta ukurasa unaambiwa haupo, unabandika linki yake pale, wana nakala za zamani tangu 1996, mimi iliniokolea tangazo la chuo lililokuwa limefutwa. Na wa chesi, Lichess, bure kabisa na haina tangazo hata moja, inaendeshwa kwa michango, na hata kwenye intaneti ya kusuasua inaenda.

Habari za chaneli kidogo, video sasa zitakuwa zinatoka Alhamisi jioni siyo Jumapili, wengi mlisema Jumapili mko kwenye mambo ya familia. Na wale mlioniomba nilinganishe bando za mitandao yote ya hapa, inakuja, nanunua zote kwa hela yangu napima mwenyewe, kwa hiyo nipeni wiki mbili. Kama una gari njiani sasa hivi niandikie chini jina la meli, usiweke BL yako nzima hadharani, ile karatasi ina jina lako na namba ya gari, weka jina la meli tu, nitakusaidia kuipata.

Oya oya, angalieni, imeingia! Spidi inasoma 6... 4... inageuka hapo gatini. Mshale bado... bado... haya, duara. Imesimama. Na ngoja, simu yangu hii hapa, ameandika: "Tumefika, bahari ilichafuka ila tuko salama." Ngoja nimpigie.