Bagi au Land Cruiser mkonga?

Kwenye mchanga wa Kigamboni, bagi (kigari cha wazi cha kuchezea nje ya barabara) kama Polaris RZR haishikiki: nyepesi, shokapu ndefu, hukwama kwa nadra. Kuifikisha huko ndiyo kazi. Haikuundwa kwa safari za lami, hivyo Daraja la Nyerere utalivuka nayo juu ya trela. Mkanda wa gia nao ukikatika porini bila wa akiba, umelala hapo.

Mkonga, yaani Land Cruiser yenye bomba la hewa lililopanda juu ubavuni, wenye injini ya 1HZ, dizeli ya lita 4.2 isiyo na turbo, ni mzito mchangani. Punguza upepo wa matairi. Lakini mafundi wanaujua, unabeba familia na mahema hadi Kisarawe, na mvua hailowanishi mtu.

Una gari jingine la kuvuta trela? Bagi. Gari ni moja tu? Mkonga.