Vidonge vya manjano na ginkgo kwa mama mwenye Alzaima, nilivyotumia miezi mitatu

Naandika kwa wale wenye mzazi ameanza kusahau maana najua saa nane usiku mtu unavyoperuzi kwenye simu unatafuta chochote kile. Mama yangu ana miaka 74, Alzaima, mwaka wa pili sasa. Alianza kwa kuandaa vikombe viwili vya chai kila asubuhi, kimoja cha baba, na baba alifariki 2016.

Nikakutana na duka moja la mtandaoni wanauza chupa mbili kwa pamoja, manjano yenye pilipili manga, na ginkgo biloba (majani ya mti fulani wa Uchina), elfu tisini na tano, inaisha mwezi. Nimenunua mara tatu, piga hesabu mwenyewe.

Wiki ya pili mama kachangamka, akamtaja jirani kwa jina, nikampigia dada simu huku nalia. Wiki ya tatu mama akamuita jirani yuleyule kwa jina la shangazi. Kumbe ugonjwa wenyewe una siku nzuri na siku mbaya, mi kila siku nzuri nilikuwa nawapa sifa vidonge.

Kilichonitoa usingizini ni michubuko. Namuogesha, naona mkono wa kushoto una madoa ya zambarau, nikajua kaanguka. Kliniki daktari akauliza swali moja tu, kuna kitu kingine anatumia? Mama anameza aspirini ndogo ya moyo, na ginkgo nayo inaweza kuongeza hatari ya kuvuja damu. Muuzaji hakuwahi kuniuliza, yeye wimbo ni mmoja, "ni asilia dada, haina madhara".

Daktari akanieleza ginkgo ilishapimwa Marekani kwa wazee zaidi ya 3,000 wa kuanzia miaka 75, miligramu 120 mara mbili kwa siku, miaka kama sita hivi, majibu yakatoka 2008: haikuzuia dimenshia (akili na kumbukumbu kupotea, Alzaima ikiwemo) ukilinganisha na waliopewa vidonge visivyo na dawa. Manjano majaribio ya maabara yanapendeza kweli, ila ukimeza, kinachoingia kwenye damu ni kidogo sana, ndo maana wanaweka pilipili manga, na hiyo pilipili inaweza kuvuruga dawa zingine unazotumia. Kwenye pilau hakuna shida, tunazungumzia vidonge hapa.

Sio kwamba mimea haina kitu. Galantamini, dawa ya hospitali, asili yake ni maua meupe ya Ulaya yanayochomoza theluji bado ipo, na 2001 Marekani wakaipitisha kwa Alzaima ya mwanzo na ya kati. Ila hiyo dozi inajulikana, daktari anaandika na anafuatilia, na hata yenyewe inapunguza dalili tu, haiponyi.

Duka nalipa nyota moja, kwa sababu bodaboda alileta mzigo siku ileile. Niliwaandikia kuhusu michubuko na picha nikatuma, wakajibu hiyo ni sumu inatoka mwilini, niendelee. Tuliacha, madoa yakaisha. Chupa moja bado imefungwa iko juu ya friji, msiniulize bei, siuzi.