Dodoso au mahojiano? Kuwatafiti wanafunzi Waislamu wa vyuo vya Marekani

Dodoso lina mvuto wake: unalituma kwa mamia ya wanafunzi, majibu yanarudi yakiwa tayari kwa hesabu, na aliyejibu anaweza asijulikane kabisa. Tatizo ni sampuli. Sensa ya Marekani haiulizi dini, kwa hiyo hakuna orodha ya kuchotea. Njia rahisi ni kupitia jumuiya za wanafunzi Waislamu, MSA, zilizoanzia Chuo Kikuu cha Illinois mwaka 1963. Asiyehudhuria swala wala futari zao hahesabiwi.

Mahojiano hula muda, na kunakili sauti kunachosha (muulize yeyote aliyewahi). Lakini hapo ndipo unapomsikia binti Mmarekani Mweusi akieleza anavyoonekana mgeni darasani, na msikitini vilevile. Kisanduku cha ndiyo au hapana hakilioni hilo.

Kuna hofu pia. Mwaka 2011 shirika la habari la AP lilianza kufichua jinsi polisi wa New York walivyowapeleleza Waislamu, jumuiya za MSA zikiwemo. Mwaka 2008 mpelelezi aliandamana na wanafunzi wa City College, chuo cha New York, hadi kwenye matembezi ya mtoni. Baada ya hayo, mgeni mwenye kinasa sauti anayeuliza "unaswali wapi?" lazima atiliwe shaka.

Kwa maswali kuhusu upelelezi huo, basi, ningetumia dodoso lisilo na majina. Kwa mengine, kama hijabu maabarani, mitihani ndani ya Ramadhani au kuswali kati ya vipindi, ningechagua mahojiano, hata ya watu ishirini tu, mradi nusu yao wasiwe wa MSA.